Kazi za vikundi darasa la tano: usiziache, anza na dakika tatu za kimya

Mwalimu mwenzangu, umeuliza kama uachane kabisa na kazi za vikundi katika darasa lako la tano. Umesema una watoto 52. Ukiwapanga kwenye makundi, wawili au watatu ndio wanaofanya kazi na wengine wanapiga soga, kelele zinavuka hadi darasa la jirani, na wazazi wanakuuliza mbona madaftari hayana kitu. Nimefundisha darasa la nne hadi la sita kwa miaka 17 na hayo yote nimeyapitia. Usiziache. Ila usimpeleke mtoto kwenye kundi mikono mitupu. Kila mmoja aingie akiwa ameshaandika wazo lake mwenyewe, kwa mkono wake, kwenye daftari lake.

Nikueleze nilivyofika hapo. Miaka yangu ya mwanzo nilikuwa mwalimu wa mabango. Tulipofika kwenye mzunguko wa maji niligawa karatasi za manila, kalamu za rangi na gundi, kila kundi watoto watano au sita. Vipindi viwili vikaisha watoto wameinama juu ya manila, hakuna aliyesinzia, na mgeni aliyepita mlangoni akanisifu kwamba darasa langu liko hai. Mabango yalikuwa mazuri kweli: bahari, jua, mishale inayopanda, mawingu, mvua.

Wiki iliyofuata nikaja na kikombe cha bati chenye maji ya barafu, nikakiweka mezani. Baada ya dakika chache kikaanza kulowa kwa nje, matone yakateremka. Nikauliza: haya maji yametoka wapi? Karibu darasa zima likajibu kwamba yamevuja kutoka ndani. Nikamwita binti mmoja ambaye bahari yake kwenye bango ilizishinda zote, nikamwambia akichunguze. Akakiinua taratibu, akapapasa chini yake kwa kidole akitafuta tundu. Kwa vipindi viwili alikuwa amepaka rangi mishale ya mvuke unaopanda, unapoa na kugeuka matone, na sasa mvuke wa hewani ulikuwa umegeuka matone mbele ya macho yake bila yeye kuutambua.

Ule usiku sikulala vizuri. Yule mtoto hakuwa na kosa. Kundi lilimpa kazi ya kupaka rangi, akaifanya kwa bidii. Mimi ndiye niliyeandaa shughuli ambayo mtu angeweza kuimaliza vizuri bila kufikiri hata mara moja kuhusu maji. Hapo ndipo nilipoacha kujiuliza kama watoto wameshughulika, nikaanza kujiuliza kila mmoja amelazimika kufikiri nini, na mimi nitakionaje.

Siku hizi, kabla ya mtoto yeyote kusogeza kiti, naandika swali moja ubaoni na chini yake: "Andika unachodhani kitatokea, na kwa nini." Dakika tatu, kimya kama maji mtungini. Wanaandika kwa kalamu ya wino na hakuna kufuta. Wazo lililokosewa silipigi mkasi wa kosa, wala silipi alama. Linabaki pale pale, na mwisho wa kipindi mtoto anaandika chini yake alichokiona na kama amebadili mawazo. Frank Lyman wa Chuo Kikuu cha Maryland aliueleza mpangilio wa namna hii mwaka 1981: fikiri peke yako, jadiliana na mwenzako, kisha liambie darasa. Walimu wengi tunachukua hatua mbili za mwisho na kuiruka ile ya kwanza, halafu tunashangaa mbona anayeongea ni yule yule kila siku. Mtoto mwepesi wa kusema akishatoa jibu, wengine hawana tena sababu ya kufikiri. Ila yule mzito naye akiwa na sentensi yake kwenye daftari, ana kitu cha kutetea.

Nikupe kipindi kimoja nilichokifanya zaidi ya mara kumi, kwa sababu vifaa vyake ni uzi, nati za chuma, rula na saa yenye mshale wa sekunde. Ni pendulamu: nati imefungwa kwenye uzi, uzi umefungwa pembeni mwa meza, unaivuta kidogo na kuiachia ibembee. Kwenda na kurudi ni moja. Swali la kwanza: tukifunga nati tatu badala ya moja, kwa sekunde 30 itabembea mara nyingi zaidi, mara chache zaidi, au sawa? Katika madarasa yangu wengi huandika "zaidi, kwa sababu ni nzito."

Kwa uzi wa sentimita 25, ukipima kutoka kwenye fundo hadi katikati ya nati, utapata mara 30 hivi kwa sekunde 30. Nati tatu zikikaa mahali pale pale, ni 30 vilevile. Mwaka mmoja makundi yote yakapata 29 au 30, kasoro moja tu lililopata 28 mara tatu mfululizo. Wakasimama na msimamo wao: kitu kizito kinabembea polepole. Makundi mengine yakaanza kuwapigia kelele kwamba wamehesabu vibaya. Nikanyamaza. (Hapa ndipo pagumu kwa mwalimu, maana jibu unalijua na muda unakwenda.) Wakarudia, wakapata 28 tena. Basi kijana mmoja wa kundi la jirani, ambaye kwa kawaida huwezi kumsikia, akaenda kupiga magoti mbele ya uzi wao, akautazama, akarudi kuutazama wa kwao, akasema: "Zenu zimening'inia moja chini ya nyingine." Wenzao walikuwa wamezikusanya nati tatu kwenye fundo moja. Hawa walizifunga kama mnyororo, kwa hiyo katikati ya mzigo palikuwa pameshuka kama sentimita tatu. Wakapima kwa rula, wakazifunga upya, wakapata 30.

Nilimwomba yule kijana anionyeshe daftari lake. Alikuwa ameandika mwanzoni: "sawa, kwa sababu bembea ya uwanjani akikaa mkubwa au mdogo naona ni ile ile." Alikuwa na jibu lake tangu mwanzo, ndiyo maana 28 ya wenzake ilimsumbua mpaka akainuka. Bila zile dakika tatu angekaa tu kusikiliza wanaobishana.

Wanasaikolojia Jean Piaget na Bärbel Inhelder waliitumia pendulamu hiyo hiyo katika kazi waliyoichapisha mwaka 1955 kuhusu fikra za watoto. Waliona kwamba watoto wa umri wa shule ya msingi hubadili mambo mawili kwa pamoja, mfano uzito na urefu, halafu hushindwa kujua ni lipi lililoleta tofauti. Mnyororo wa nati ulikuwa ni jambo hilo hilo. Kwa hiyo kundi lako likikosea hivyo usikasirike wala usilisahihishe haraka. Hilo ndilo somo la siku.

Baada ya hapo nenda kwenye urefu. Uzi wa mita moja unatoa mara 15 kwa sekunde 30. Waulize: tukiukata nusu, uwe sentimita 50, tutapata ngapi? Wataandika 30 kwa uhakika kabisa. Wanapata 21. Hilo huwauma, na ni maumivu mazuri. Wanaanza kukata na kupima bila kuambiwa, mpaka wagundue kwamba 30 inapatikana kwenye 25, yaani robo ya urefu. Usiwape kanuni. Wachoree jedwali tu ubaoni waliangalie.

Kwenye hisabati njia ni hiyo hiyo, na nadhani huko ndiko inakosaidia zaidi. Waandikie ½ + ⅓. Katika darasa kubwa utapata watoto kadhaa wenye ⅖, kwa kuwa wamejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Zamani nilikuwa natia mkasi na kuwaonyesha njia ya kutafuta asili ya pamoja, wanainakili, na baada ya mwezi ⅖ inarudi. Sasa nawapa ukanda wa karatasi wa sentimita 30. Kwanza waandike jibu lao kimya. Kisha wawili wawili wapime nusu ya ukanda, 15, waipake rangi, na waendeleze theluthi, 10. Rangi inafika 25. Halafu nawauliza wenye ⅖: jibu lenu lingefika wapi? Wanagawa 30 kwa 5, wanapata 6, mara mbili ni 12. Waache waweke kidole kwenye 12. Nusu peke yake ilishafika 15! Mtoto anaona mwenyewe kwamba ameongeza kitu na kimepungua. Nimewahi kuona binti akiwa ameganda na kidole chake kwenye 12 kwa muda mrefu, kisha akasema taratibu, "haiwezekani." Asili ya pamoja ukiifundisha baada ya neno hilo, inaingia. 25 ni tano ya sita ya 30, na kila mtu sasa anataka kujua sita imetoka wapi.

Kwa usomaji, tumia njia aliyoibuni mwanasaikolojia Elliot Aronson na wenzake huko Austin, Texas, mwaka 1971, wakati shule zilipokuwa zimeanza kuchanganya watoto wa rangi tofauti na madarasa yalikuwa na uhasama. Unaigawa habari vipande vinne, kila mtoto wa kundi anapata kimoja. Wenye kipande kimoja kutoka makundi yote wanakaa pamoja kwanza, wanakisoma na kuelewana, kisha kila mmoja anarudi kwenye kundi lake kukifundisha. Hakuna mwenye habari nzima, kwa hiyo hawana budi kusikilizana. Tahadhari moja: ile hatua ya kukaa pamoja kwanza usiipunguze hata kama kengele inakaribia. Mtoto asiyesoma vizuri hapo ndipo anapopata la kusema. Ukiiruka, unamwaibisha mbele ya kundi lake, na mara nyingine hatataka kushika kipande.

Sasa kuhusu kelele. Watoto 52 hawawezi kuwa makundi ya watu saba. Penye wengi pana mengi. Mimi nafanya kazi na wawili wawili, yaani jirani na jirani, na nikihitaji kundi, jozi ya mbele inageuka kuwatazama wa nyuma, basi wanakuwa wanne. Hakuna kuburuta viti. Vyeo vya mwenyekiti na katibu niliviacha, kwa sababu mwenye kalamu ndiye alikuwa akifikiri kwa niaba ya wote. Badala yake nikifika kwenye kundi namchagua mimi wa kunieleza, na kundi halijui nitamchagua nani. Kama hawezi kueleza, simgombezi. Nawaambia wenzake "nitarudi, msaidieni," na lazima nirudi. Wakijua hurudi, yamekwisha.

Ukiuliza swali, subiri. Mtafiti wa elimu Mary Budd Rowe aliwahi kuwachunguza walimu wa sayansi wa shule za msingi, akakuta kwa wastani wanasubiri kama sekunde moja tu kabla ya kumtaja mwingine au kujijibu wenyewe. Wakisubiri tatu au zaidi, majibu yanakuwa marefu zaidi na wanaojibu wanaongezeka. Hesabu tatu kimoyomoyo. Utaona ni ndefu ajabu.

Na wazazi wana haki. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mzazi hana njia nyingine ya kuona siku ya mwanawe ilikwendaje. Kwa mtindo huu kila kipindi cha shughuli kinaacha mistari mitatu: nilidhani nini, nimeona nini, sasa nadhani nini. Huwezi kusahihisha madaftari 52 kila siku, mimi huchukua kumi, tofauti kila mara, na naandika swali moja kwenye kila moja badala ya alama ya vema. Kwenye kikao cha wazazi nawafungulia ukurasa ambao mtoto alikosea juu na kujirekebisha chini. Kuna baba aliyesoma ukurasa wa namna hiyo mara mbili, akamgeukia mwanawe na kumuuliza, "Nati ndiyo nini?" Wakaondoka wakielezana.

Si kila somo linafaa. Jedwali la kuzidisha, imla, mwandiko, hayo yanataka mazoezi ya kila siku ya mtu mmoja mmoja, na kuyalazimisha yawe ya kundi ni kupoteza muda wa watoto. Mimi nafanya shughuli kubwa mara mbili kwa wiki, basi.

Ukitaka kuanza, anza na pendulamu, na ijaribu mwenyewe jioni moja kabla. Vuta uzi kidogo tu usiachie kwa upana, la sivyo hesabu zitayumba, na wafundishe kwanza kuhesabu kwenda na kurudi kama moja, maana kundi moja halikosi kukuletea 60. Kata nyuzi za akiba. Kisha uje utuambie wangapi waliandika "zaidi, kwa sababu ni nzito."