Spika za mbele weka Small

Umeuliza spika za mbele za sinema ya nyumbani ziwe Small au Large kwenye menyu ya risiva. Weka Small kaka, yaani besi yake iende kwa sabufa (spika ya besi), hata kama risiva ilipojipima kwa maikrofoni imekuandikia Large. Ukiiacha Large, besi yote ya chaneli za mbele inabebeshwa spika za inchi 5 zisizoiweza, na sabufa inabaki na kazi kidogo tu. Kikomo (krosova, yaani sauti za chini yake zinakwenda sabufa) weka 80 Hz, ndicho wanachotumia THX, wale wa viwango vya sauti za sinema. Spika zikiwa ndogo kama kiganja, panda hadi 120. Kwenye sabufa yenyewe, nobu ya krosova izungushe mpaka mwisho, la sivyo besi inakatwa mara mbili, kwenye risiva na kwenye sabufa. Nafunga mitambo hii hapa Mwanjelwa, karibu kila nyumba naikuta imeachwa Large. Ila usipime mvua ikipiga bati, na kwa Mbeya hii utasubiri kweli.