Mjusi ameanguka na anaburuta mguu: usingoje kama nilivyongoja mimi

Pole sana, dada. Umesema mjusi wako wa ndevu, yule Pogona wa Australia, aliponyoka begani kwa mwanao jana jioni akadondokea vigae, na leo anaburuta mguu wa nyuma wa kulia na hagusi nyenje. Unauliza kama ukimwacha apumzike atapona mwenyewe. Uamuzi huo niliufanya mimi miaka minne iliyopita, hapa Uingereza, na mjusi wangu, jina lake Simba, alikaa na maumivu siku tatu kwa sababu yake. Ndiyo maana nakuandikia kirefu.

Simba alianguka kutoka juu ya kabati la nguo. Akasimama, akanitazama, akatembea. Nikamshukuru Mungu, nikamrudisha kwenye tangi lake. Kesho yake ndevu zilikuwa nyeusi tii na paja limevimba. Wanyama hawa hawalii. Porini mjusi anayeonyesha udhaifu ndiye anayeliwa mapema, kwa hiyo maumivu anayaficha mpaka yamshinde. Ukimya wake mimi niliudhania nafuu.

Usiku huu mtoe kwenye tangi lenye magogo na mawe. Mweke kwenye tangi fupi au sanduku pana la plastiki lililo wazi juu, tandika karatasi za jikoni, pasiwe na kitu cha kuparamia. Mchanga uondoe kabisa. Karatasi itakuonyesha kama ametoa choo, kama kuna damu, kama ule weupe wa mkojo umetoka. Choo ni jambo kubwa hapa, maana uti wa mgongo ukiumia mnyama anaweza kushindwa kujisaidia. Kisha mguse vidole vya miguu yote miwili ya nyuma, taratibu. Akivuta mguu, hiyo ni dalili njema. Asipovuta, au miguu na mkia vikilegea kama kamba, usingoje kupambazuke, tafuta daktari wa dharura. Ni hivyo hivyo ukiona damu mdomoni, kichwa kimelalia upande, au anahema mdomo wazi hali yuko mbali na taa. Chini ya taa kuachama ni kawaida yake, hilo lisikutishe.

Joto usimnyime. Kuna waliniambia nizime taa ili apumzike vizuri. Mjusi hajitengenezei joto la mwili kama sisi. Akiwa baridi chakula hakisagiki, kinga ya mwili inadorora na kidonda hakifungi. Sehemu ya kuota joto iwe kama nyuzi 38 hadi 40, upande wa pili kama 25, na apate kufika kote bila kupanda chochote. Ila taa isimkaribie sana, kwa sababu mwenye mguu mbovu akiungua hawezi kukimbia.

Paracetamol, ibuprofen, aspirini na dawa nyingine yoyote ya binadamu usimpe hata chembe. Mguu usiuvute kuunyoosha, wala usimfunge banzi la kienyeji, kwani likikaza linazuia damu na mguu unaoza. Chakula usimlazimishe, akipaliwa kinaingia mapafuni. Maji mdondoshee matone kwenye ncha ya mdomo, atayalamba akitaka.

Sasa nifike kwenye lile ninalotaka ulishike kuliko yote. Daktari wa mwanzo niliyempelekea alizoea mbwa na paka, akampapasa akasema ni mshtuko tu. Wa pili, aliyesomea wanyama watambaao, alimpiga eksrei. Fupa la paja lilikuwa limevunjika, lakini alinionyesha jambo jingine: mifupa yote ilionekana hafifu kwenye picha, kama kivuli. Simba alikuwa na upungufu wa kalsiamu wa muda mrefu. Mifupa yake ilikuwa imeshadhoofika, na ule mwanguko ndio uliotufumbua macho.

Chanzo kilikuwa taa yangu ya UVB, ile inayotoa mionzi kama ya jua isiyoonekana kwa macho. Ilikuwa ikiwaka vizuri tu machoni, lakini ilikuwa na zaidi ya miaka 2, na mionzi yenyewe huisha muda mrefu kabla ya mwanga kuisha. Nyingi zinatakiwa kubadilishwa kila baada ya miezi 6 hadi 12, kutegemea aina. Bila mionzi hiyo mwili wake hautengenezi vitamini D3, na bila D3 kalsiamu unayomnyunyizia kwenye wadudu hainyonywi ipasavyo. Nilikuwa pia namweka dirishani nikidhani anapata jua, kumbe kioo cha dirisha huzuia mionzi hiyo karibu yote. Kwa hiyo, dada, tazama tarehe uliyonunua taa yako, na umwambie daktari aangalie mifupa yote, asiishie kwenye mguu ulioumia. Usianze kumshindilia kalsiamu na D3 kwa kukisia, zikizidi zinadhuru figo. Kipimo akupe yeye.

Simba alipewa meloxicam kwa maumivu na kalsiamu ya maji kwa bomba lisilo na sindano. Nilimpima kila Jumapili kwenye mizani ya jikoni, kwa sababu mjusi hukonda kabla hujamwona kwa macho: kutoka gramu 412 alishuka hadi 371, ndipo akaanza kupanda. Chakula cha kwanza alichokubali ni boga lililokwaruzwa, siku ya tisa, halafu sukuma wiki iliyokatwa nyembamba. Spinachi niliiacha, maana inaifunga kalsiamu isitumike. Mfupa ulichukua karibu miezi mitatu kushikana. Mifupa ya mjusi huunga polepole kuliko ya mbwa au paka, kwa hiyo wiki ya tatu ukiona hajabadilika usikate tamaa.

Kesho ukimpeleka, mweke kwenye kisanduku kidogo chenye taulo zilizokunjwa pande zote asiyumbe, na chupa ya maji ya uvuguvugu iliyofungwa kitambaa kando yake. Bebeni na picha ya taa yenu, pakiti ya kalsiamu, na choo chake kama amekitoa. Na mwanao usimgombeze. Wangu alikuwa na miaka 7 na alilala akilia akidhani ameua. Nilipomkabidhi kazi ya kuandika uzito kwenye daftari kila Jumapili, ndipo alipotulia.