Asili ya neno "fortnight"
Umeuliza kwa nini Waingereza huita majuma mawili "fortnight". Neno hili ni ufupisho wa "feowertyne niht" ya Kiingereza cha kale, yaani usiku 14, kwa kuwa makabila ya kale ya Kijerumani, yaliyoleta lugha hiyo Uingereza, kama mwanahistoria wa Kirumi Tacitus alivyoandika takriban mwaka 98 baada ya Kristo, yalihesabu muda kwa usiku badala ya mchana. Katika sheria za mfalme Ine wa Wessex, ufalme wa kale wa kusini mwa Uingereza, za mwishoni mwa karne ya 7, kondoo jike pamoja na mwanawe alithaminiwa shilingi moja hadi usiku 14 baada ya Pasaka. Juma moja liliitwa "sennight", usiku saba, neno ambalo kwa masikitiko yangu limekwisha kufa. Mswahili anayejua kwamba usiku wa Ijumaa hutangulia mchana wake ataielewa hesabu hiyo upesi.