Mgeni Mpe Jembe Siku ya Kwanza: Kupokea Wasafiri Kwenye Kihamba cha Kahawa

Wahenga walimpa mgeni siku mbili za kupumzika, siku ya tatu wakamkabidhi jembe. Msafiri anayepanda kutoka Moshi mjini kuja Materuni, Kilema au Marangu, vijiji vya miteremko ya Kilimanjaro, hana siku tatu. Ana saa nne, tano zikizidi, na amelipa ili ashike hilo jembe, na mchi, na mwiko. Ukimkalisha kwenye benchi ukamsimulia habari za kahawa hadi kikombe kinapoletwa, umemnyima alichokifuata. Haya tunawaandikia wenzetu wanaopokea wageni kwenye vihamba vyao, yaani mashamba ya Wachaga ya migomba na kahawa yanayozunguka nyumba, au wanaotaka kuanza.

Shida ya kwanza ni kwamba kahawa haiendi na saa ya mgeni. Tunda linalochumwa leo linamenywa leo, punje zinavundikwa saa 24 hadi 48 kwa baridi ya huku juu, kisha zinaoshwa na kuanikwa kichanjani siku 10 hadi 14, hata zaidi mawingu yakikaa. Kwa hiyo kila hatua iwe na akiba yake iliyotangulia: ndoo ya punje zilizovundikwa jana, kichanja chenye kahawa inayoendelea kukauka, na mfuko wa kahawa iliyokwisha kukauka ikiwa bado na ganda lake jeupe la ndani. Kwa wageni sita weka gramu 400 za hiyo yenye ganda. Ukishakoboa na kuchambua utabaki na kama gramu 300, na ukikaanga, moto utakula sehemu nyingine, ubaki na 250. Hizo zinatosha vikombe viwili kwa kila mtu na kifurushi kidogo cha kubeba.

Mavuno ya huku huanza kama Julai na kuendelea hadi Desemba. Wageni wa Machi na Aprili usiwadanganye kwa kuwazungusha kwenye mibuni isiyo na tunda. Waambie kabla hawajalipa kwamba hakuna kuchuma, kisha wape kazi inayohitajika kweli wakati huo: kupunguza maotea, yaani machipukizi ya ziada ya mbuni, kutandaza majani makavu ya migomba shinani, kufungua maji ya mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia, yafike kwenye mboga. Akiba ya kahawa kwa miezi hiyo itunze na ganda lake. Ikishakobolewa hupoteza ladha mapema.

Kabla ya kuchuma kuna jambo ambalo wengi hulipuuza. Mgeni akiona tunda jekundu atalitia mdomoni, na ni vizuri alitie, maana utamu ule hakuna maelezo yanayoufikia. Lakini kama ulipiga dawa ya kopa (shaba) kuzuia chulebuni, ugonjwa wa matunda ya kahawa, au kutu ya majani, tunda hilo haliliwi. Tenga mibuni mitano au sita usiyoipulizia kabisa, ifunge kitambaa, na wageni wachume hapo tu. Ukipanda aina zinazostahimili magonjwa hayo, zilizotolewa na Taasisi ya Utafiti wa Kahawa iliyopo Lyamungu, kazi hii inakuwa nyepesi zaidi.

Kuchuma kwenyewe: kidole gumba na cha shahada, zungusha tunda kidogo, litaachia. Mgeni akilivuta kwa nguvu litatoka na kikonyo na kipande cha ganda la tawi, na hapo ndipo unaharibika mti wako. Achume nyekundu tu. Kwenye tawi moja atakuta nyekundu, njano na kijani kwa pamoja, kwa sababu maua hayakuchanua siku moja. Ya kijani haina utamu na itatia ladha ya majani mabichi kwenye kikombe kizima. Dakika 15 zinatosha. Mimina matunda kwenye ndoo ya maji, mwambie atoe yanayoelea, ayapasue aone mwenyewe: mengi yametobolewa na mdudu au hayakujaza punje.

Mashine ya kumenyea ya mkono ni ya watu wawili, mmoja azungushe na mwingine amwage matunda pamoja na maji. Vidole vikae mbali na ngoma, na watoto wasiruhusiwe kumwaga. Irekebishe asubuhi kabla wageni hawajafika. Ikibana sana inazichana punje, na punje iliyochanika huoza wakati wa kuvundika. Ikilegea, ganda jekundu linapita pamoja na punje. Kisha fanya hivi: weka ndoo mbili, ya leo na ya jana, na umwambie mgeni achovye mkono huku na huku. Ya leo inateleza kama bamia. Ya jana, ikiiva, inakwaruza kama kokoto za mtoni. Hapo ameelewa kuvundika bila hotuba. Ikinuka siki, umechelewa kuosha, na kahawa hiyo usimpe mtu.

Kosa linaloharibu ziara nyingi hutokea kwenye kinu, na chanzo chake ni kichanjani. Kahawa isiyokauka sawasawa haikoboleki. Inapondeka na kulalia ganda lake, wageni wanatwanga nusu saa na hakuna kinachotoka, mwenyeji anaona aibu. Ijaribu kwa meno siku moja kabla. Menya ganda, uma punje. Jino likiacha alama, rudisha juani. Punje ikigoma, iko tayari. Kinu kijazwe theluthi tu. Mchi ushuke wima katikati, kwani wageni hupenda kupiga ukingo na vibanzi vya mti vikachanganyika na kahawa. Wawili wapokezane, mwenyeji aimbe na kuwashikisha mwendo. Wimbo ndio unaozuia michi isigongane. Dakika 10 zatosha.

Hapa ndipo pa kusimulia historia kwa wale wasioshika mchi: jinsi wamisionari Wakatoliki walivyopanda kahawa Kilema mwishoni mwa karne ya 19, wakulima wa Kilimanjaro wakaunda chama chao mwaka 1925, na kikazaliwa kutokana nacho chama kikuu cha ushirika, KNCU, mwaka 1933. Fupi hivyo. Mgeni mwenye jasho usoni anasikiliza vizuri kuliko aliyeketi.

Kupepeta ni sanaa, na mgeni atamwaga. Mpe ungo wenye kahawa kidogo, tandika turubai chini, asimame upepo ukimpiga kwa nyuma. Kisha wote wakae wachambue. Watoe nyeusi, zilizovunjika na zenye tundu. Usiruke hatua hii kwa sababu muda umekwenda, maana vipande vilivyovunjika huungua kabla nzima hazijaiva, na uchungu wake hausafishiki.

Sasa kukaanga, na hapa tunasema wazi kwamba wenyeji wengi wanaunguza. Tumezoea kukaanga mpaka kahawa iwe nyeusi na kutoa mafuta, kisha tunaificha kwa sukari. Msafiri amepanda mlima atafute ladha ya udongo huu, uchachu mtamu wa arabika ya mlimani, na sisi tunampa mkaa. Tumia chungu kipana au sufuria nzito, gramu 300 kwa mara moja zisizidi. Kuni ziwe kavu, moto wa makaa yenye miali midogo, kwa sababu moshi mwingi hunukia hadi kikombeni na kuwafanya wageni watoke nje ya jiko wakilia machozi. Mwiko usipumzike hata kidogo. Wageni wapokezane kila dakika mbili.

Mwite kila mmoja anuse. Kwanza harufu ya nyasi, punje zikiwa kijani. Baada ya kama dakika tano zinakuwa njano na harufu inageuka ya mkate unaookwa. Kwenye dakika ya 10 hadi 13 zinaanza kupasuka, sauti kama bisi. Nyamazisha watu hapo wasikie. Hesabu dakika mbili au tatu tangu mpasuko wa kwanza, angalia rangi: ikifanana na mbegu ya mkwaju, epua. Usiiache chomboni ukasema umeshaondoa moto, chungu cha moto kinaendelea kukaanga chenyewe. Mwaga kwenye ungo, toka nje, rusharusha mpaka ngozi nyembamba ipeperuke na punje zipoe.

Kusaga fanya kwenye kinu kingine kidogo, kisichonuka kitunguu wala ulezi. Chekecha, na unga uwe wa chengachenga kama sukari. Ukiwa laini kama unga wa sembe utapita kitambaani na kikombe kitakuwa na tope. Lita moja ya maji yachemke, epua, subiri nusu dakika, tia gramu 60, yaani vijiko vya chakula kama kumi vya kusawazisha. Koroga, funika dakika nne, chuja. Kuichemsha pamoja na unga kunaikamua uchungu wote. Kikombe cha kwanza kinywewe bila sukari, hata kwa anayelalamika. Cha pili aongeze apendavyo. Kama kuni zinatosha, kaanga konzi moja hadi iwe nyeusi kabisa, wanywe zote mbili kwa kulinganisha. Hapo hata dereva aliyezoea ya kwenye kibanda cha stendi hubadili mawazo.

Chakula kianze kupikwa kabla ya kuchuma, maana mtori, supu nzito ya ndizi na nyama, hauharakishwi. Kwa watu sita chemsha kilo moja ya mbavu au mifupa ya ng'ombe yenye nyama, saa moja na nusu, mpaka nyama iachie mfupa. Wageni wakirudi shambani ndio wamenye ndizi. Tumia mshare mbichi, vidole 15 hadi 18. Mzuzu hautakupa mtori laini, uache kwa kukaanga. Utomvu wa ndizi hautoki kwenye nguo, kwa hiyo kila mgeni afungwe kanga, mikono ipakwe mafuta ya kupikia, na ndizi zimenywe ndani ya beseni la maji. Kata ncha zote mbili, pasua ganda kwa urefu, lisukume kwa gumba. Zilizomenywa zibaki majini zisigeuke nyeusi.

Ndizi zipikwe kwenye supu ya nyama na kitunguu mpaka zivunjike, kisha ziponde kwa mwiko ukiongeza supu kidogo kidogo. Hii ni kazi nzuri ya kumpa mgeni, anaona inavyobadilika mkononi mwake. Uzito uwe wa uji unaoshuka polepole kwenye mwiko. Chumvi iwekwe mwishoni, nyama irudi ndani, kijiko cha siagi. Wasiokula nyama wapikie kiburu, ndizi na maharage, kwenye chungu chao. Usiwachotee mtori ukatoa nyama ukadhani imetosha; supu ile ni ya mifupa, na wanajua. Waulize haya siku ya kuwekewa nafasi, pamoja na anayedhuriwa na maziwa au karanga.

Mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, nayo ina utaratibu. Onyesha vyote vinavyoingia: ndizi mbivu zilizochemshwa zikaachwa siku kadhaa zichachuke, ulezi uliooteshwa ukakaushwa na kusagwa, na gome la msesewe linaloleta uchungu. Mgeni aonje unga wa ulezi, alambe gome, ndipo apewe kata. Robo kikombe inatosha kwa anayeanza. Mbege huweza kumsumbua tumbo asiyeizoea, na anayepanda mlima kesho yake mwambie aonje tu. Maji ya kunawia, ya kuoshea matunda na ya kuchanganyia yawe yaliyochemshwa. Ya mfongo ni ya kumwagilia. Dumu lenye koki na sabuni likae mahali linapoonekana, kabla ya ndizi na kabla ya kula.

Katika kuzunguka kihamba, mgeni atatamani kukata jani la isale kwa sababu ni zuri. Mweleze mapema kwamba masale ni mpaka wa shamba la baba na jirani, na ndilo jani ambalo Mchaga hulipeleka kwa aliyemkosea kuomba msamaha. Hatalikata tena. Picha za bibi anayepika ziombwe kwa bibi mwenyewe, wala si kwa kijana anayeongoza.

Bei itajwe kamili kabla ya kuanza: kuonja, chakula, mbege, kahawa ya kubeba, na kiongozi wa kuwapeleka kwenye maporomoko ya maji kama wanakwenda. Hakuna kinachotia doa ziara kama mgeni aliyeshiba kutajiwa gharama mpya mlangoni. Na mama aliyechemsha mifupa tangu asubuhi alipwe siku hiyo hiyo, mkononi mwake.

Kahawa ya kubeba mpe nzima, haijasagwa, na uandike tarehe ya kukaangwa kwa kalamu isiyofutika. Usiufunge mfuko ukiwa na kahawa ya moto, maana mvuke utabaki ndani, na kahawa iliyotoka motoni hutoa hewa inayoweza kuupasua. Iache usiku mzima, au uutoboe tundu dogo la sindano juu. Matunda mabichi na miche usimpe hata akiomba, kwa kuwa nchi nyingi huzuia mimea hai na mazao mabichi mpakani, na zawadi yako itaishia kwenye pipa la uwanja wa ndege.