Pa kuogelea Oman: Wadi Shab kwanza

Ndugu yangu, umeuliza pa kuogelea ukija Muscat na watoto mwezi Desemba. Mimi naipenda Wadi Shab (wadi ni bonde la mto), pale kijiji cha Tiwi, kuliko kote. Unavushwa kwa boti, unatembea kama dakika 45 katikati ya majabali, halafu unaogelea hadi kwenye ufa mwembamba unaopitisha kichwa tu, mwili ukiwa majini. Ndani kuna pango lenye maporomoko. Uzuri wake siusahau! Ila wadogo hawatapaweza. Hao wapeleke Wadi Bani Khalid, kwenye mitende na mabwawa yenye maji mwaka mzima. Hawiyat Najm, shimo kubwa lenye maji ya kuogelea, iko njiani kwenda Tiwi, ina ngazi za kushukia. Vaeni nguo za heshima. Mkiona mawingu yametanda milimani, tokeni bondeni haraka, maana mafuriko huja ghafla.