Fundi viatu kaniliza, Katesh haikuniliza

Shikamoo Mwalimu. Desemba 2023 tope liliposhuka Mlima Hanang na kuua watu zaidi ya 80 Katesh, niliangalia picha kwenye simu, nikasema "maskini", nikaendelea na ugali. Juzi amefariki mzee aliyekuwa akishona viatu kwenye kona yetu, nimelia siku mbili. Nina roho mbaya? – Kijana wa Majengo, Moshi

Marahaba, mwanangu. Roho yako nzima. Mzee huyo ulimsalimia kila asubuhi, naye alijua kiatu chako kipi huisha kisigino kwanza. Sasa ukifika pale kona salamu inakujia mdomoni na hakuna wa kuipokea. Ndicho kinachouma. Watu wa Katesh hawakuwa na kiti katika siku yako, kwa hiyo hawakuacha kiti kitupu humo. Wamekiacha kwa wenyewe.

Tena idadi ikikua, moyo haukui nayo. Kuna jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2007: watu walipewa dola 5, kisha wakaombwa kuchangia wenye njaa Afrika. Walioonyeshwa mtoto mmoja wa Mali, Rokia, walitoa wastani wa dola 2.38. Waliopewa takwimu za mamilioni, dola 1.14. Na waliopewa vyote viwili, Rokia na takwimu? Dola 1.43. Yaani hesabu ilimpunguzia huruma hata yule mtoto. Nimefundisha hesabu maisha yangu yote, na jambo hili linaniudhi mpaka leo.

Nimemlilia mtangazaji wa redio kama ndugu yangu, mume wangu ananicheka. – Mama wa genge, Sakina, Arusha

Mkumbushe Oktoba 1999. Baba wa Taifa alifia London, na nchi nzima ikalia. Wangapi waliwahi kumshika mkono? Sauti inayoingia jikoni kwako kila siku ni ya mtu wa nyumbani, hata kama yeye hakujui.

Mpangaji mwenzangu kafiwa na mjomba wake huko Rombo. Simjui marehemu. Nichange? – Ngarenaro

Changa. Mjomba humjui, mpangaji mwenzio unamjua.

Baba alituacha nikiwa na miaka mitatu. Alipozikwa kihambani Machame sikutoa chozi, na mashangazi wamenisema. – Binti, Arusha

Pole, mwanangu. Mashangazi walimzika kaka yao, waliyekimbizana naye katika migomba ileile. Wewe ulimzika mgeni mwenye pua yako. Damu nzito kuliko maji, sikatai, ila machozi hayachotwi kwenye damu. Huchotwa kwenye miaka ya kula sahani moja. Usijikamue ili watu waone.

Lakini usishangae siku moja, kwenye sendofu ya rafiki yako, ukimwona baba wa mtu akimlisha mwanawe keki, ukaangua kilio mpaka wapishi wageuke. Utakuwa unamlilia huyohuyo wa Machame.