Maswali na majibu: Kampuni za serikali zikivuka mpaka

*Kampuni za serikali ya China zinapokuja kujenga huku, zinafuata faida au siasa? (Msomaji, Kisumu)*

Vyote viwili, ila kila kimoja kina mfuko wake. Chukua SGR, reli ya kisasa ya Mombasa hadi Nairobi, iliyofunguliwa 2017. Mjenzi ni CRBC, mali ya serikali ya China. Sehemu kubwa ya fedha ilikopeshwa na Benki ya Exim, nayo ya serikali hiyohiyo. CRBC ikalipwa kwa kujenga. Mabehewa yajae yasijae, deni ni la mlipa kodi wa Kenya. Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema kampuni hizi hazijali faida. Zinaijali sana, mzigo wa siasa umebebwa na benki. Nayo benki ina kikomo: mwaka 2019 reli ilifika upande wa Naivasha ikasimama, na wewe wa Kisumu ulibaki unaisubiri.

*Ni kweli China iliinyang'anya Sri Lanka bandari ya Hambantota kwa sababu ya deni?*

Si kweli, na nimechoka kulijibu hili. Mwaka 2017 Sri Lanka iliikodisha kwa China Merchants, kampuni ya serikali ya China, miaka 99, kwa dola bilioni 1.12. Fedha ziliingia kwenye akiba yake ya fedha za kigeni, na mkopo wa ujenzi haukufutwa. Someni kabla ya kusambaza. Mnaohofia bandari ya Mombasa, hofieni kwanza mikataba ya SGR iliyowekwa wazi 2022: Kenya na benki wakigombana, shauri linaamuliwa Beijing.

*DP World, kampuni inayoendesha bandari, ni ya mtu binafsi?*

Ni ya serikali ya Dubai.

*Norway ni rafiki yetu wa miaka mingi. Mbona kampuni yake ya mafuta na gesi, Equinor, haikuharakisha gesi ya Lindi, Tanzania?*

Serikali ya Norway inamiliki asilimia 67 ya Equinor, lakini urafiki hauingii kwenye vitabu vya hesabu. Mwaka 2021 kampuni ilipunguza thamani ya mradi huo vitabuni mwake kwa dola milioni 982. Waziri anayejadiliana nao akitegemea undugu wa zamani anatuponza.

*Afrika Mashariki tunazo kampuni za namna hii?*

Tunazo. UNOC, kampuni ya taifa ya mafuta ya Uganda, ina asilimia 15 ya bomba la mafuta la Hoima hadi Tanga, kilomita 1,443, nyingi zikiwa ardhi ya Tanzania. TPDC ya Tanzania ina 15 nyingine, CNOOC ya China 8, TotalEnergies ya Ufaransa 62. Basi mnayowauliza Wachina waulizeni na hawa wa nyumbani: nani kamteua mkurugenzi, hasara itaangukia mfuko gani, na mkataba uko wapi tuusome.